Jiko la Nairobi: Jinsi Mpishi na Fundi Walivyomaliza Kazi ya Mhandisi

Jiko la mkaa lenye kiuno, bati kwa nje na udongo wa kuchomwa kwa ndani, limezoeleka mno Afrika Mashariki hata wengi hudhani tumelirithi kutoka kwa mababu. Umri wake haujafika nusu karne. Liliundwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, likapewa jina rasmi la Kenya Ceramic Jiko, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeingia katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini Kenya. Miaka hiyohiyo, majiko mengi yaliyobuniwa na wataalamu katika mabara matatu yalikuwa yanapasuka, yanatupwa au yanageuzwa rafu za kuwekea vyombo.

Kanuni za moto zilikuwa zilezile kila mahali. Kilichotofautiana ni nani aliulizwa, aliulizwa lini, na jibu lake lilibadilisha nini katika chombo chenyewe. Leo vyuo vya biashara na kampuni za teknolojia hufundisha jambo hilo kwa jina la fikra za usanifu: mwelewe mtumiaji kwanza, litaje tatizo lake kama yeye anavyoliishi, buni njia kadhaa, tengeneza sampuli ya bei nafuu, ijaribu mikononi mwake, kisha rudia. Historia ya jiko hili inaonyesha utaratibu huo ukifanya kazi katika vibanda vya bati na vyumba vya kupanga. Inaonyesha pia gharama ya kumsahau mtu mmoja tu kati ya wanaohusika.

Jiko lililokuja na reli, 1896–1972

Kwa vizazi vingi, nyumba za bara zilipikia kwenye mafiga matatu. Mafiga yalikuwa na sifa ambazo wataalamu wa baadaye walizipuuza. Hayauzwi, yanapokea chungu cha ukubwa wowote, yanatoa mwanga na joto la usiku, na mpishi hurekebisha moto kwa kusukuma ukuni ndani au kuuvuta nje.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wahamiaji wa Kihindi ndio wanaotajwa kuleta jiko la bati la kutumia mkaa. Nairobi, iliyoanza mwaka 1899 kama kituo cha reli, ikawa soko lake la asili. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuwasha kuni ndani bila kujifukiza yeye na majirani. Mkaa ni mwepesi kuliko kuni, hauozi, moshi wake si mwingi, na unanunulika kidogo kidogo. Mafundi wa mjini wakajifunza kukata majiko kutoka kwenye mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi.

Jiko hilo lilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kubeba, lakini ukuta wake mwembamba ulimwaga joto pande zote. Vipimo vilivyochapishwa baadaye vilionyesha kuwa ni kati ya asilimia 10 na 20 tu ya nguvu ya mkaa iliyofika kwenye sufuria. Mpishi hakuhitaji maabara kulijua hilo: bati lilimuunguza mikono na mkaa uliisha mapema. Ujuzi huo ulibaki jikoni kwa zaidi ya miaka sabini kwa sababu hakuna mwenye fedha wala mamlaka aliyeuona kuwa na thamani.

Mgogoro wa kuni na majiko yaliyokataliwa, 1973–1980

Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, serikali zilihangaikia petroli na dizeli. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Erik Eckholm, alichapisha andiko lililoukumbusha ulimwengu kwamba kwa mamilioni ya watu maskini mgogoro wa nishati ni mgogoro wa kuni. Andiko hilo lilisomwa sana na wafadhili, na jiko, lililokuwa jambo la nyumbani, likawa mradi wa maendeleo.

Jiko lililovuma zaidi lilitoka Guatemala. Baada ya tetemeko kubwa la Februari 1976, mashirika yaliyokuwa yakisaidia ujenzi yalieneza jiko zito la mchanga na udongo lililoitwa Lorena, lenye matundu ya sufuria kadhaa na bomba la moshi. Ujenzi wake haukuhitaji kiwanda, na picha zake zilipendeza. Wazo hilo likasafiri hadi Asia na Afrika.

Vipimo vya baadaye vilileta habari chungu. Mara nyingi majiko ya aina hiyo hayakuokoa kuni kuliko moto wa wazi uliotunzwa vizuri, na mengine yalitumia kuni zaidi, kwa kuwa udongo mwingi ulimeza joto kabla sufuria haijapata lake. Matundu yalitengenezwa kwa kipimo kimoja, na sufuria za nyumbani hazikuwa za kipimo kimoja. Udongo ulipasuka, na aliyelijenga jiko alikuwa ameshaondoka kijijini.

Chanzo cha kushindwa huko kilikuwa namna tatizo lilivyotajwa. Ofisini liliitwa upungufu wa miti. Mwanamke aliyekuwa akipika alikuwa na orodha nyingine: macho yanayowasha, chakula kinachochelewa watoto wakiwa na njaa, chombo kinachohama naye kodi ikimshinda, na fedha ya siku. Jiko lililojibu swali la ofisi bila kugusa orodha hiyo halikuwa na sababu ya kudumu nyumbani mwake.

Kutoka Thailand hadi Nairobi, 1981–1983

Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya Nairobi mkutano wake kuhusu vyanzo vipya vya nishati na vile vinavyojirudisha. Kenya ilikuwa imeunda Wizara ya Nishati miaka miwili kabla, na mwaka huohuo wa 1981 mradi wa nishati jadidifu uliofadhiliwa na Marekani ulianza kazi nchini. Miongoni mwa wataalamu wake alikuwa Keith Openshaw, mtaalamu wa misitu ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tawi la Morogoro, alilinganisha majiko ya mkaa ya chuma na ya udongo.

Mfano uliowavutia wanamradi ulitoka Thailand, ambako wafinyanzi walitengeneza jiko la ndoo ya chuma lenye udongo wa kuchomwa ndani yake. Faida yake ilieleweka upesi: udongo huzuia joto lisitoroke ukutani, makaa hukaa karibu na kitako cha sufuria, na bati la nje huulinda udongo usivunjike. Ilionekana kana kwamba kilichobaki ni kuiga.

Kuiga hakukutosha. Sampuli za mwanzo zilikuwa na pande zilizonyooka, na udongo ulifunika jiko lote kwa ndani. Chuma kikipata moto hutanuka kuliko udongo, na kikipoa hujikunja. Baada ya kuwashwa na kuzimwa mara nyingi, udongo ulipata nyufa na kuachana na bati. Jiko lilikuwa zito na ghali. Tena halikusimama imara, na katika nchi inayokula ugali kasoro hiyo peke yake inatosha kulikosesha soko. Ugali hausongwi kwa kidole. Mpishi huegemea mwiko kwa mwili wake, na jiko linaloyumba hapo huweza kumwaga sufuria na makaa juu ya miguu ya mtu.

Hapo ndipo kazi ya Nairobi ilipoachana na ile iliyoshindwa kwingineko. Sampuli zilipelekwa kwa wapishi, vikundi vya wanawake vikasema kilichowakera, na malalamiko yao yakarudi kwa mafundi na wafinyanzi kama maagizo ya kazi. Umbo likabadilika. Jiko likapata mdomo mpana, kiuno chembamba na kitako kipana. Udongo ukabaki nusu ya juu tu, umekaa kwenye kiuno kama kikombe chenye matundu chini. Nusu ya chini ikawa bati tupu la kupokea majivu, na mlango mdogo wa kuongeza au kupunguza hewa.

Kila sehemu ya umbo hilo ilikuwa jibu kwa mtu fulani. Kitako kipana kilimjibu msonga ugali. Udongo wa nusu ulipunguza uzito kwa mbebaji na gharama kwa mnunuzi. Mlango wa hewa ulimpa mpishi uwezo wa kuacha maharage yachemke taratibu mchana kutwa. Jina linalotajwa zaidi katika ukuzaji wa umbo hilo ni la Maxwell Kinyanjui, mbunifu Mkenya aliyeshirikiana na wafinyanzi na mafundi, lakini chombo chenyewe kina alama za mikono mingi, na sehemu kubwa ya mikono hiyo haikuandikwa popote.

Fundi wa Shauri Moyo, 1983–1990

Jiko likishampendeza mpishi bado linahitaji mtu wa kulitengeneza, na hapa miradi mingi huanza kutafuta kiwanda. Nairobi ilikuwa na Shauri Moyo, mtaa wa jua kali ambako mamia ya mafundi walikuwa wakigonga bati kwa nyundo na patasi tangu zamani. Hawa ndio waliokuwa wakitengeneza jiko la zamani. Kama jiko jipya lingehitaji mashine ya kuchomelea au chuma cha kuagiza ng'ambo, wangelitazama na kuendelea na kazi yao.

Fundi naye akatambuliwa kuwa mtumiaji wa ubunifu huo. Bati la jiko liliweza kukatwa kutoka kwenye mabaki yaleyale ya mapipa, kwa vifaa vilevile. Kikombe cha udongo kilifinyangwa na kuchomwa na wafinyanzi, kisha kikauzwa kwa mafundi wa bati waliokigandisha mahali pake. Wachuuzi wa vyombo waliuza jiko pamoja na sufuria na karai. Shirika la KENGO, lililounganisha mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyoshughulikia nishati, liliendesha mafunzo na maonyesho, lakini bei haikushushwa kwa ruzuku kwa mnunuzi.

Uamuzi huo wa kutotoa ruzuku ulikuwa na maumivu yake. Mwanzoni jiko liliuzwa karibu dola 15 za Marekani, bei ambayo walioihitaji zaidi nafuu ya mkaa hawakuimudu. Lakini umbo halikufungiwa katika hataza, mafundi wakaigana, ushindani ukaongezeka, na miaka ilivyopita bei ikashuka hadi kati ya dola 2 na 5. Mwanafizikia Daniel Kammen, aliyeandika kwa kina kuhusu jiko hili mwaka 1995, alieleza kuwa zaidi ya majiko 700,000 yalikuwa yakitumika nchini Kenya, na zaidi ya biashara na mafundi 200 wakiyatengeneza.

Uhuru huohuo ulileta majiko mabovu. Wengine walitumia bati jembamba, wengine waliuza udongo usioiva motoni, ukameguka baada ya muda mfupi. Mnunuzi alijifunza kukagua kwa macho na kugonga kwa kidole. Hata hivyo, biashara iliendelea baada ya fedha za mradi kwisha, jambo ambalo majiko mengi ya wafadhili hayakuliweza.

Wakati huo upimaji nao ulikuwa unakomaa. Mwaka 1985 shirika la VITA la Marekani lilichapisha viwango vya muda vya kimataifa vyenye majaribio ya ngazi tatu: kuchemsha maji, kupika chakula halisi, na kufuatilia jiko nyumbani katika maisha ya kila siku. Ngazi hizo tatu zilikiri jambo zito, kwamba ushindi wa maabara unaweza kupotea jikoni. Kwa jiko la Nairobi, takwimu za nyumbani zilitia moyo. Matumizi ya mkaa yalishuka kutoka kilo 0.67 kwa mtu kwa siku hadi kilo 0.39. Kwa familia ya watu sita, hiyo ni akiba ya zaidi ya kilo 600 za mkaa kwa mwaka, na fedha yake ilibaki kwa karo, kwa unga na kwa dawa.

Jiko moja, jikoni nyingi, 1983–2000

Mafanikio ya mjini yalijaribu watu kulipeleka jiko kila mahali. Vijijini lilikutana na mpishi mwingine, anayeokota kuni na asiyenunua mkaa. Kumpa jiko la mkaa ni kumwongezea gharama. Kwa hiyo njia nyingine ikafuatwa. Kuanzia mwaka 1983 chama cha Maendeleo ya Wanawake, kwa msaada wa shirika la Ujerumani la GTZ, kilieneza kikombe cha udongo cha kuni kinachojengewa palepale jikoni. Magharibi mwa Kenya kikombe hicho kilijulikana kwa jina la Upesi, na vikundi vya wanawake wafinyanzi karibu na Kisumu vilikifanya chanzo cha kipato chao.

Nje ya Kenya, jiko lenye kiuno lilifika Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi, Sudan na hadi Ghana. Tanzania lilienea kwa jina la jiko bora, na shirika la TaTEDO, lililoanza mwaka 1990, likawa miongoni mwa waliolisukuma. Ethiopia ilifundisha somo lake. Jiko la mkaa la jamii hiyo, lililoitwa Lakech, lilifaa mchuzi na kahawa, lakini sehemu kubwa ya kuni za nchi ile huishia kwenye kuoka injera, mkate mpana unaohitaji sahani kubwa ya udongo. Ikabidi wabunifu watengeneze jiko jingine kabisa, Mirt, kwa ajili ya injera. Kilichosafiri salama kutoka Nairobi kilikuwa utaratibu wa kuuliza na kujaribu. Umbo lenyewe lilipaswa kuzaliwa upya kila lilipokuta chakula kingine.

Vyuoni utaratibu unapata jina, 1969–2009

Huku hayo yakiendelea, wasomi walikuwa wakiutafutia utaratibu huo maelezo. Mwaka 1969 Herbert Simon alieleza kuwa usanifu ni kazi ya kila anayepanga njia ya kuibadilisha hali iliyopo iwe ile inayotamanika. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber waliandika kuhusu matatizo ya jamii yasiyo na jibu moja sahihi, ambayo kila jaribio la kuyatatua huyabadilisha. Mwaka 1987 Peter Rowe alichapisha kitabu kilichobeba jina la fikra za usanifu, wakati ambapo majiko ya Shauri Moyo yalikuwa tayari sokoni. Kampuni ya IDEO ilianzishwa mwaka 1991, Chuo Kikuu cha Stanford kikafungua taasisi yake ya usanifu katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2008 makala ya Tim Brown katika jarida la biashara la Harvard yaliwafikishia mameneja kote duniani fikra hizo.

Elimu hiyo ina manufaa. Imewapa wahandisi ruhusa ya kukaa na mtumiaji kabla ya kuchora, na imewafundisha kuthamini sampuli mbovu inayofundisha kuliko mchoro mzuri usiojaribiwa. Lakini inapofundishwa kana kwamba ilizaliwa katika vyumba vya mikutano huko California, huwanyima heshima wapishi na mafundi waliokuwa wakiifanya bila karatasi za kubandika ukutani. Pia hufundishwa mara nyingi kana kwamba mtumiaji ni mmoja. Jiko la Nairobi linaonyesha wasiopungua watatu: anayepika, anayetengeneza na anayelipa.

Mlipaji, mapafu na msitu, 2010 hadi sasa

Karne hii imefungua maswali ambayo jiko lenye kiuno halikuyajibu. Mkaa unaowaka kwenye udongo bado hutoa gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi, na gunia la mkaa bado ni mti uliokatwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo takriban milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na wapishi wa mjini wakalipia uamuzi huo kwenye bei ya mkaa.

Kampuni ya BURN ilileta jiko jipya, Jikokoa, na kujenga kiwanda Ruiru. Wachumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walilifanyia utafiti kwa familia za Nairobi na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Jiko hilo lilipunguza matumizi ya fedha kwa mkaa kwa asilimia 39, akiba ya dola 119 hivi kwa mwaka, kwa chombo cha dola 40. Pamoja na hayo, kwa wastani watu walikuwa tayari kulipa dola 12 tu. Walipopewa mkopo wa miezi mitatu, kiasi walichokubali kulipa kiliongezeka takriban maradufu. Faida ya jiko walikuwa wanaiona. Fedha ya kulipa kwa mkupuo ndiyo hawakuwa nayo. Namna ya kulipia ni sehemu ya umbo la bidhaa, sawa na kitako na mlango wa hewa.

Kutoka India ulikuja ushahidi wa upande mwingine. Mwaka 2016 Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walichapisha matokeo ya kufuatilia kaya za jimbo la Odisha kwa miaka minne baada ya kupewa majiko yenye bomba. Nafuu ya moshi ilionekana mwaka wa kwanza, kisha ikatoweka, kwa kuwa matumizi yalipungua na matengenezo hayakufanywa. Anayepaswa kulitengeneza jiko likiharibika ni mtumiaji pia, na mradi ulikuwa haujampa nafasi.

Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, na historia ya jiko la Nairobi inatupa njia ya kulipima. Mtungi wa gesi unadai fedha nyingi kwa siku moja, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha iliyopatikana leo. Jiko la umeme linadai umeme usiokatika saa ya chakula cha jioni, na fundi wa mtaani mwenye vipuri. Sufuria ya umeme inayopika maharage kwa bei nafuu itabidi ijibu pia swali la ugali. Maswali hayo yanajulikana kwa kila mpishi wa Temeke, Dar es Salaam, na wa Mathare, Nairobi. Yakiulizwa kabla ya vifaa kununuliwa, na majibu yakabadilisha vifaa pamoja na namna ya kuvilipia, lengo la 2034 lina nafasi. Yakiachwa hadi siku ya kugawa mitungi, mkaa utaendelea kushinda, kwa sababu muuza mkaa amekuwa akimsikiliza mnunuzi wake kila siku.